Kazi nyingine Nairobi, ya mpira Dar

JUNI 10, 2018, Uwanja wa Afraha mjini Nakuru, Gor Mahia iliipiga Simba 2-0 kwenye fainali ya SportPesa Super Cup. Meddie Kagere alifunga moja, Jacques Tuyisenge akafunga la pili. Wekundu wa Msimbazi walirudi Dar bila kombe, lakini wiki chache baadaye walikuwa na kitu kingine mkononi: saini ya Kagere.

Huo ndiyo usajili uliofungua macho ya wengi. Simba ilifungwa na Gor uwanjani, kisha ikaifunga Gor mezani. Kagere, Mnyarwanda aliyekuwa mfalme wa mabao Nairobi, alitua Bongo na kutupia mabao 23 msimu wa kwanza, 22 msimu wa pili, akawa mfungaji bora mara mbili mfululizo. Mwaka 2019 Francis Kahata akafuata njia hiyohiyo kutoka Gor kwenda Simba. Mwaka 2020 ikawa zamu ya beki Joash Onyango. Tangu hapo mlango haujafungwa: Duke Abuya alianzia Singida, mwaka 2024 akatua Yanga. Mohammed Bajaber akatoka Kenya Police kwenda Msimbazi mwaka 2025. Ukija upande wa Uganda, Emmanuel Okwi na Hamis Kiiza walitangulia zamani, Khalid Aucho akaja 2021 na kuwa injini ya Jangwani kwa misimu minne.

Mashabiki tumeshazoea. Tunaona ni jambo la kawaida Mkenya aje kukipiga Bongo. Lakini ukilitazama kwa jicho la mtu anayetafuta kazi, si la kawaida hata kidogo. Ni kinyume cha mambo.

Chukua kazi nyingine yoyote. Kibarua wa Nairobi, kwa mujibu wa kima cha chini kilichoanza Novemba 2024, anatakiwa kulipwa Sh16,113 za Kenya kwa mwezi. Kwa pesa yetu hiyo ni zaidi ya Sh300,000. Kwetu hapa, kima cha chini cha sekta ya biashara na viwanda kilichoanza Januari 2023 kilikuwa Sh150,000. Ukichukua pato lote la nchi ukaligawa kwa kila kichwa, Mkenya ana karibu dola 2,000 kwa mwaka, Mtanzania dola 1,200 na ushee, Mganda karibu dola 1,000. Uganda ndiyo usiseme: kima cha chini kilichoandikwa kwenye sheria ni Sh6,000 za Uganda kwa mwezi, kiliwekwa mwaka 1984 na hakijaguswa mpaka leo. Pesa hiyo hainunui hata kuku.

Kwa hiyo mhasibu, dereva wa lori au mwalimu wa shule binafsi akiambiwa achague, ataangalia Nairobi kwanza. Mchezaji mpira peke yake ndiye anapanda basi la kuelekea upande mwingine.

PESA YA RUNINGA

Jibu la kwanza liko kwenye king'amuzi. Mwaka 2021 Azam Media na TFF walisaini mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10. Kwa wastani ni kama Sh22.5 bilioni kwa mwaka, au karibu dola milioni 9.8 kwa bei ya dola ya wakati ule.

Mwaka 2023 kampuni ileile ilivuka mpaka na kusaini na shirikisho la Kenya, FKF. Thamani: dola milioni 9.15 kwa miaka saba. Hiyo ni dola milioni 1.3 kwa mwaka. Uganda, StarTimes ilichukua ligi mwaka 2018 kwa dola milioni 7.24 kwa miaka 10, sawa na dola 724,000 kwa mwaka.

Tuzishushe hizo namba mpaka zifike mfukoni mwa mchezaji. Fanya kana kwamba pesa yote ya runinga inagawanywa sawa kwa klabu, na klabu inaigawa yote kwa wachezaji 25, basi. Kwa Tanzania yenye klabu 16, kila mchezaji angepata kama dola 2,000 kwa mwezi. Kwa Kenya yenye klabu 18, angepata dola 240. Kwa Uganda, dola 150.

Haigawanywi hivyo, kila mtu anajua. Shirikisho lina fungu lake, anayemaliza juu anapata zaidi, na klabu ina basi la kujaza mafuta na hoteli ya kulipa. Lakini uwiano ndiyo huo. Kabla mwenyekiti wa klabu ya Mbeya hajatoa senti yake, anaanza na kitu ambacho mwenzake wa Kakamega hana.

Na sababu ya Azam kulipa huku zaidi kuliko kule si mapenzi. Ni soko. Mtanzania ananunua king'amuzi ili aone Simba na Yanga. Mkenya, nasema hivi nikijua nitatukanwa na jamaa zangu wa Nairobi, analipia king'amuzi ili aone Arsenal na Manchester United. Gor na Ingwe wana mashabiki wa kufa mtu, lakini hao hawatoshi kuuza matangazo ya kampuni kubwa kila wikiendi.

KENYA ILIKUWA JUU

Tusisahau kwamba haikuwa hivi siku zote. Kuna wakati sisi ndiyo tulikuwa tunawatazama Wakenya kwa wivu. SuperSport ilikuwa inaonyesha ligi yao Afrika nzima. SportPesa ilikuwa inamwaga mkwanja Gor na AFC Leopards, na Julai 2017 Everton walipokuja Dar na Wayne Rooney wao, timu iliyopata nafasi ya kucheza nao Uwanja wa Taifa ilikuwa Gor Mahia, iliyokuwa imebeba SportPesa Super Cup palepale Dar mwezi mmoja kabla. Sisi tulikuwa wenyeji, wao ndiyo walikuwa wageni rasmi kwenye meza kuu.

Kisha ikaanza kuanguka kipande kwa kipande. SuperSport iliondoka mwaka huohuo wa 2017 baada ya ugomvi wa kuongeza timu kutoka 16 hadi 18. Mwaka 2019 SportPesa ikakosa leseni kwenye vita vyake na serikali kuhusu kodi ya kamari, ikafuta udhamini wote. BetKing ikaja 2020 na ahadi ya Sh1.2 bilioni za Kenya kwa miaka mitano, ikaondoka baada ya msimu mmoja. Novemba 2021 serikali ikaivunja kamati ya FKF, Februari 2022 FIFA ikaifungia nchi nzima, kifungo kikaisha Novemba.

Jiweke kwenye nafasi ya mchezaji wa Gor wakati huo. Umekaa miezi bila mshahara. Nchi yako imefungiwa. Simu inaita, namba inaanza na +255. Utauliza mshahara ni kiasi gani? Swali lako la kwanza litakuwa kama unaingia kila mwezi.

Hapa ndipo watu wengi wanakosea wanapolinganisha mishahara ya nchi na nchi. Wanalinganisha tarakimu. Dola 800 zinazoingia tarehe 30 ni kubwa kuliko dola 1,500 zinazoingia zikijisikia. AFC Leopards ilifungiwa na FIFA kusajili mwaka 2021 kwa sababu ya madai ya kocha na wachezaji wa kigeni waliokuwa wameondoka bila kulipwa. Mzawa aliyekuwa anadai vilevile hakwenda FIFA. Alikopa dukani.

Wala tusijifanye watakatifu. Klabu za Bongo nazo zimeonja kifungo cha kusajili kwa madeni ya wachezaji wa kigeni, na kubwa zimo.

KODI SIYO SABABU

Nimewahi kusikia ikisemwa vijiweni kwamba Wakenya wanakimbia kodi. Tuhesabu. Mshahara wa Sh4 milioni hapa kwetu, ukiacha hifadhi ya jamii, PAYE yake ni Sh1,028,000, yaani robo na kidogo. Kiasi kinachokaribia hicho Kenya, tuseme Sh200,000 za kwao, PAYE ni kama Sh52,400 baada ya nafuu ya kila mwezi. Nayo ni robo na kidogo. Huko wanaongeza tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 na bima ya afya ya asilimia 2.75, ni kweli inauma, lakini hakuna mtu anayehama nchi kwa asilimia nne. Uganda ni asilimia 28 hivi kwa mshahara wa aina hiyo. Hakuna cha kukimbia hapo.

Kinachocheza na mfuko kuliko kodi ni dola. Wageni wengi wanaongea mkataba kwa dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa inakaribia Sh160 za Kenya. Kufika Aprili ilikuwa imeshuka hadi Sh130 hivi. Aliyekuwa anatuma nyumbani dola 2,000 alituma kama Sh320,000 mwezi wa kwanza na Sh260,000 mwezi wa nne. Mshahara haujapunguzwa, klabu haina kosa, lakini fundi anayejenga nyumba Kisumu haelewi hilo.

MPAKA UPO KWENYE ORODHA

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza Julai 2010. Kwenye karatasi, Mkenya na Mganda wanaweza kufanya kazi hapa na Mtanzania kwao. Mpira haujasoma hiyo karatasi. Kwenye usajili wetu Mkenya ni mgeni tu, anahesabiwa ndani ya nafasi 12 sawasawa na mtu aliyetoka Abidjan.

Hii ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Yanga ikiwa na nafasi moja imebaki, winga wa Nairobi hashindani na winga wa Mwanza. Anashindana na Pacome Zouzoua. Ndiyo maana utaona wengi wao wanaanzia Singida na kwingineko, kwenye timu ambazo hazijajaza nafasi zao, kama Abuya na Elvis Rupia walivyofanya, kisha wakiwaka ndiyo wanapigiwa simu kutoka Kariakoo. Singida kwa Mkenya ni kama kipindi cha majaribio chenye mshahara.

Kuna wengine hawaji kabisa, na si kwamba hawana uwezo. Kenya ina timu za taasisi: Police, KCB, Bandari, Ulinzi. Uganda ina KCCA, URA na za majeshi. Mchezaji wa Police anaweza kuwa na namba ya jeshi, mshahara wa serikali na pensheni. Akivunjika mguu kesho bado ana kazi. Mkataba wa miaka miwili Dar, hata ukiwa mara tatu ya anachopata, unaisha. Sisi tunao wa aina hiyo pia, JKT, Prisons, Mashujaa. Ukimkuta mchezaji wa Prisons amekataa ofa ya timu ya mtaani yenye pesa zaidi, usimcheke. Amepiga hesabu ya miaka 30, wewe umepiga ya miezi 24.

CHAN ya Agosti 2025 iliyochezwa Kenya, Tanzania na Uganda ilituonyesha ramani hii vizuri. Mashindano yale ni ya wanaocheza ligi ya ndani tu, hivyo Abuya wa Yanga hakuwa na ruhusa ya kuichezea Kenya hata kama Harambee Stars ilikuwa inacheza nyumbani kwao Kasarani. Wakenya waliobaki waliipiga Congo na Morocco na kuongoza kundi, huku Rais Ruto akiwa ameahidi Sh1 milioni za Kenya kwa kila mchezaji kwa kila ushindi. Hiyo ni kama Sh19 milioni zetu kwa dakika 90. Hapa tuna 'goli la mama', Rais Samia alipoanza kununua mabao ya Simba na Yanga Afrika mwaka 2023 kwa Sh5 milioni, lakini lile ni la timu nzima. Wakenya walipewa mmoja mmoja. Tatizo ni kwamba CHAN ikiisha, ahadi ya Rais nayo inaisha, na mchezaji anarudi kwenye ligi ileile.

MZAWA ANAPATA NINI?

Mishahara ya Ligi Kuu ni siri ya klabu. Lakini moja ilitoka hadharani, na wote tunaikumbuka. Desemba 2022 Feisal Salum 'Fei Toto' aliweka Sh112 milioni kwenye akaunti ya Yanga ili avunje mkataba: Sh100 milioni za usajili na Sh12 milioni za mshahara wa miezi mitatu. Gawa kwa tatu. Kiungo tegemeo wa Yanga na Taifa Stars alikuwa analipwa Sh4 milioni kwa mwezi.

Rudi kwenye ile hesabu yetu ya king'amuzi. Wastani wa pesa ya runinga peke yake, kwa mchezaji wa kawaida wa timu ya kawaida, ni kama Sh4.7 milioni. Fei hakuwa mchezaji wa kawaida, wala Yanga haikuwa inaishi kwa runinga peke yake. TFF ilisema yeye bado ni mali ya Yanga, akakaa nje nusu msimu, na Juni 2023 ndipo klabu zikaelewana akaenda Azam.

Watu walimwita kila jina. Mimi naona alifanya kile ambacho Kagere alifanya 2018 na hakuna aliyemsema: alijua bei yake sokoni na akaidai. Tofauti ni kwamba mgeni akija anakuja na wakala, dola na kopi ya kanuni za FIFA, zinazomruhusu kuvunja mkataba akikosa mishahara ya miezi miwili na kutoa notisi ya siku 15. Mzawa wengi wao wanasaini wakiwa na miaka 19, mjomba ndiye shahidi.

Kwa hiyo ukiambiwa ligi yetu inalipa kuliko ya jirani, uliza inamlipa nani.

LUBUMBASHI INAJUA

Kabla ya Dar kulikuwa na Lubumbashi. Mwaka 2011 Mbwana Samatta aliondoka Simba kwenda TP Mazembe, na Thomas Ulimwengu akamkuta huko. Mazembe ya Moise Katumbi, bingwa wa Afrika 2009 na 2010, timu iliyocheza fainali ya dunia na Inter Milan, ilikuwa inalipa kuliko klabu yoyote ya ukanda huu. Samatta alibeba ubingwa wa Afrika 2015, Januari 2016 akaenda Genk.

Miaka 10 baada ya Samatta kwenda Congo, Fiston Mayele alitoka AS Vita ya Kinshasa kuja Yanga. Maxi Nzengeli akatoka Maniema. Jean Baleke akaja Simba kwa mkopo kutoka Mazembe yenyewe. Barabara ni ileile, magari yamegeuza. Mayele alifunga mabao 17 ya ligi na saba ya Kombe la Shirikisho msimu wa 2022/23, Yanga ikafika fainali, akauzwa Pyramids na mwaka 2025 akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika. Kwa Samatta, Mazembe ilikuwa ngazi ya kwenda Ulaya. Kwa Mayele, ngazi ilikuwa Jangwani.

Mazembe ilipanda kwa mfuko wa tajiri mmoja. Kenya ilipanda kwa kampuni moja ya kubeti na chaneli moja ya Afrika Kusini. Sisi tumepanda kwa Azam kwenye matangazo, GSM Jangwani, Mo Dewji Msimbazi na kampuni za kubeti vifuani; M-Bet peke yake ilisaini na Simba Sh26.1 bilioni kwa miaka mitano mwaka 2022. Majina hayo yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ongeza NBC kwenye jina la ligi, bado mkono unatosha.

Tunacho kitu kimoja ambacho Kenya na Lubumbashi hawakuwa nacho, nacho ni watu. Derby ya Kariakoo inajaza Uwanja wa Mkapa hata mechi ikipangwa siku ya kazi. Kwenye CAF tuna timu nne, Kenya na Uganda wana mbili mbili, na kila timu inayoingia makundi ya Ligi ya Mabingwa ina uhakika wa angalau dola 700,000, hata ikishika mkia. Hiyo inakaribia pesa ya mwaka mzima ambayo Uganda inapata kutoka StarTimes kwa ligi nzima. Lakini wanaovuna huko kwa kawaida ni walewale wawili. Prisons na Mashujaa wanategemea king'amuzi.

Mkataba wa Azam unaisha 2031. Kijana wa miaka 19 anayekipiga leo Kakamega au Mbale na kuota namba ya +255 atakuwa hajafika 30.